Kabla Hujasema Hakuna Kitu: Isimila, Kalenga na Njia ya Mkwawa

Mtu wa mjini akirudi kutoka kwenye makumbusho ya kijijini, mara nyingi ukimuuliza habari za safari atakujibu kwa maneno mawili: "Hakuna kitu." Amelipa bajaji, amelipa kiingilio, ameoneshwa chumba kimoja chenye mikuki na picha zilizofifia, kisha korongo lenye mawe. Amepiga picha tatu, amegeuza. Simlaumu. Kwa macho matupu, maeneo mengi ya historia yaliyoko vijijini kwetu ni maskini kweli. Serengeti simba akipita humhitaji mtu wa kukueleza kwamba yule ni simba. Jiwe la Isimila linahitaji mtu, na kaburi la Mlambalasi linamhitaji zaidi. Ndiyo maana ushauri wangu wote unatoka kwenye jambo moja: ukienda sehemu za namna hii, panga muda wako, fedha zako na hata mfuatano wa vituo vyako kwa ajili ya masimulizi. Nenda kusikiliza. Utakachokiona kitaongezeka chenyewe.

Nitautumia mkoa wa Iringa, kwa sababu pale mambo mengi yamekaa karibu karibu. Kwa mwendo mfupi kutoka mjini unafika kwenye zana za mawe za binadamu wa kale, kwenye ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyewapiga Wajerumani, na mahali hasa alipowapigia. Ukiongeza mwendo kidogo, unafika alipojiulia ili wasimkamate hai. Na huhitaji ndege wala gari la kifahari. Mabasi ya Dar es Salaam hupita huko kila siku, safari ya kama kilomita 500, na wa Dodoma au Mbeya naye ana lami hadi mlangoni.

Tuanze na mfuatano, maana hapo ndipo safari nyingi huharibika. Mgeni hufika mjini usiku, hulala, na asubuhi huanza na kilicho karibu au kile dereva alichokizoea. Kwa kawaida atapelekwa Kalenga, ataingia moja kwa moja kwenye jengo la makumbusho, na kitu cha kwanza kuoneshwa ni fuvu la Mkwawa ndani ya kioo. Yaani amekutana na mwisho wa kisa kabla hajaambiwa mwanzo. Baada ya hapo mikuki, ngao na rungu haviwezi tena kumwambia kitu. Ni vyombo tu ukutani.

Kisa chenyewe kimepangwa vizuri juu ya ramani, ukikifuata. Kinaanzia Lugalo, upande wa barabara ya kwenda Morogoro. Watu wa Dar es Salaam wanalijua jina hilo kwa kambi ya jeshi na hospitali yake, lakini wangapi wanajua limetoka wapi? Tarehe 17 Agosti 1891, msafara wa kijeshi wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, ulikuwa ukipita katika njia nyembamba, askari wamejipanga mstari mrefu, mizigo na punda nyuma. Wahehe walikuwa wamejificha majanini na nyuma ya miamba. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja alifyatua risasi kumlenga ndege, na mlio huo ukachukuliwa kuwa ishara ya kushambulia. Vita yenyewe haikuchukua muda. Zelewski aliuawa, sehemu kubwa ya kikosi chake ikaangamia, na bunduki kwa mamia zikaingia mikononi mwa Mkwawa. Wahehe nao walipoteza watu wengi, na huu ni upande ambao masimulizi ya fahari huupitia haraka. Uulizie.

Ukifika Lugalo leo utakuta mnara ambao Wajerumani waliwajengea wafu wao. Ndiyo, alama iliyosimama kwenye uwanja wa ushindi wa Wahehe ni ya walioshindwa. Hilo peke yake linatosha kuwapa watoto wako mjadala wa njia nzima. Kama una gari lako na unatokea Dar es Salaam, simama hapo kabla hujaingia mjini. Kama umekuja kwa basi, usimsumbue dereva. Lala mjini, kesho panda daladala za kurudi upande wa Ilula au kodi bajaji. Usiende jioni kwa sababu tu bado kuna mwanga. Mazungumzo mazuri na wazee wa pale huhitaji mtu asiyetazama saa.

Kituo cha pili ni Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini kwa barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha, karibu na mto Ruaha Mdogo. Hapa ndipo pana ombi ninalokushauri umpe mwongozaji wako waziwazi: "Tuoneshe ukuta kwanza. Jengo tutaingia tukirudi." Atashangaa kidogo, kisha ataelewa. Baada ya Lugalo, Mkwawa aliijua bei ya ushindi ule. Aliimarisha ngome yake kwa ukuta mrefu wa mawe na udongo. Wajerumani walirudi chini ya gavana Friedrich von Schele, wakaipiga kwa mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaivunja. Mkwawa hakukamatwa. Leo ukuta ule umebaki vipande vipande katikati ya mashamba na nyumba za watu, na mgeni asiyeoneshwa anaweza kuuruka kwa mguu akidhani ni tuta la mahindi. Tembea kuufuata kadiri utakavyoruhusiwa. Muulize mwongozaji mizinga ilitokea upande gani, utazame kilima anachokuonesha, upime mwenyewe umbali kwa macho. Dakika ishirini za kutembea namna hiyo zina faida kuliko saa nzima mbele ya kabati za vioo.

Kisha endelea na barabara hiyohiyo hadi Mlambalasi, kama kilomita 50 kutoka mjini. Miaka minne baada ya Kalenga kuanguka, Mkwawa alikuwa akipigana vita vya msituni, watu wakimlisha na kumficha, huku Wajerumani wakiwa wametangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa na amebaki karibu peke yake, alijipiga risasi. Sajenti Merkl na askari wake walifika wakamkuta amekwisha kufa. Kichwa kikakatwa, kiwiliwili kikazikwa palepale.

Juu ya kaburi kuna pango la mwamba, na hapa historia ina ghorofa mbili. Watafiti wakiongozwa na Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichimba pale mwaka 2006 na 2010, wakakuta mifupa ya binadamu walioishi mahali hapo maelfu mengi ya miaka kabla ya Mkwawa kuzaliwa, pamoja na zana za mawe na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Kwa hiyo mwamba uliompa mtawala wa Wahehe maficho ya mwisho ulikuwa umewahifadhi watu wengine, wasiojulikana majina, zamani sana. Mwongozaji wa Mkwawa si lazima ajue habari za wachimbaji, na msomi wa mambo ya kale si lazima ajue nani alimletea Mkwawa chakula. Ukibahatika kuwapata wote wawili, waache wabishane. Wewe kaa kimya.

Nionye jambo kuhusu Mlambalasi: usiende kichwa kichwa. Wageni ni wachache na hupaswi kudhani kwamba kuna mtu amekaa mlangoni anakusubiri. Ulizia kwanza Kalenga, au pale Makumbusho ya Boma mjini, nani mwangalizi na anapatikanaje, umpigie simu kabla hujaondoka. Ukifika kijijini, pita ofisi ya serikali ya kijiji, jitambulishe, sema umekuja kufanya nini. Dakika kumi za adabu hiyo hukuondolea maswali mengi, na mara nyingine mwenyekiti mwenyewe ndiye atakayekuambia kwamba yupo mzee fulani ambaye babu yake aliwahi kusimulia. Kaburi ni kaburi. Vua kofia, acha muziki kwenye gari, na usimwache mtoto apande juu ya mawe kwa ajili ya picha.

Jioni unarudi Kalenga, na sasa unaingia ndani. Fuvu lililokuwa mwisho usio na mwanzo sasa lina njia nzima nyuma yake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliofunga Vita vya Kwanza vya Dunia, ulikuwa na kifungu, cha 246, kilichoitaka Ujerumani ilirudishe. Halikurudi. Ilichukua hadi miaka ya 1950, gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda Bremen, akakuta mafuvu mengi yaliyokusanywa kutoka makoloni, na likachaguliwa moja kwa kulinganisha vipimo na vya jamaa wa Mkwawa walio hai. Juni 1954 lilikabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Je, ni lake kweli? Wapo wanaotilia shaka, na si vibaya kumuuliza mwongozaji, ila uliza kwa staha. Unaweza kuwa unazungumza na mtu wa ukoo huo. Nimesikia swali hilo likiulizwa kwa kejeli mbele ya watu wazima wa pale, na sitaki kulisikia tena. Kuhusu kupiga picha ndani, omba ruhusa kwanza. Na hakikisha asubuhi umeuliza wanafunga saa ngapi, maana mpango wangu huu wote unaharibika ukikuta kufuli.

Sasa huyo mwongozaji, namna ya kuishi naye. Amezoea wageni wanaotaka kumaliza. Ana maelezo mafupi ya wenye haraka, na ana maelezo marefu, lakini hayo marefu huyatoa akiona anasikilizwa. Msalimie kwanza kama mtu. Ukimsalimu kwa Kihehe, "Kamwene", utaona uso ukifunguka, na kama amekuzidi umri, shikamoo yake haipotei. Acha simu mfukoni dakika kumi za mwanzo. Usimuulize maswali ya ndiyo au hapana. Muulize alisikia wapi habari hiyo, nani alimsimulia, na watu wa kijiji kingine wanaisimuliaje. Kama una watoto, kila mmoja aandike swali lake jana yake usiku, alibebe. Mtoto mwenye swali halalamiki njaa mapema. Ukimaliza, mpe kitu mkononi nje ya kiingilio, kwa sababu kiingilio kinakwenda serikalini na koo lililokauka ni lake. Kiasi? Fikiria ungemlipa nini fundi aliyekupa saa tatu za kazi nzuri, usishuke sana hapo.

Isimila ni kisa kingine kabisa, na ninashauri uipe asubuhi yake yenyewe, siku tofauti. Ipo kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, kisha unaingia ndani kama kilomita mbili za vumbi. Hata kwa mguu panafikika, ila jua la saa sita ndani ya korongo lile halina huruma. Fika saa mbili au saa tatu asubuhi. Viatu viwe vya kufunga, maji yawe ya kutosha, kofia usisahau.

Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliyekuwa safarini aliokota zana za mawe katika korongo hili, na habari zikawafikia wataalamu. Mwaka 1957 na 1958 Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walichimba, wakafunua mamia kwa mamia ya mashoka ya mkono, vipasulio na mawe ya kugongea. Vipimo vilikadiria umri wa kama miaka 260,000. Namba kama hiyo haimwingii mtu kichwani, kwa hiyo usihangaike nayo. Fikiria hivi: hapo palikuwa na ziwa dogo lisilo na kina. Wanyama walikuja kunywa, wakiwemo viboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambao macho yao yalitokeza juu sana ya kichwa. Watu walikaa kandokando, wakapasua mawe, wakachuna nyama, wakaondoka wakaacha zana. Ziwa likakauka, tabaka za udongo zikafunika kila kitu, kisha maji ya mvua yakaanza kulichimba korongo na kuzifunua zana.

Zana nyingi utazikuta zimelala chini. Omba mwongozaji akushikishe moja, kubwa. Uzito wake utakushangaza, na utaona jinsi jiwe lilivyochongwa pande zote mbili hadi zikafanana. Kwa nini mtu ahangaike kulifanya zuri jiwe la kuchunia nyama? Wataalamu wanabishania hilo hadi leo, kwa hiyo una haki ya kuwa na jibu lako. Lirudishe lilipotoka. Nasisitiza, kwa kuwa jiwe dogo linaingia mfukoni kirahisi: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda mawe haya, na kulichukua hata moja ni kosa. Tena, jiwe likishahamishwa mahali lilipolala, limepoteza nusu ya habari zake. Juu ya meza ya sebuleni kwako litakuwa jiwe tu.

Baada ya zana, teremkeni kwenye nguzo. Hizi ndizo zinazoonekana kwenye kalenda na picha za arusi: minara ya udongo mwekundu na wa kijivu iliyobaki imesimama wakati maji yalipokula pembeni, mingi ikiwa na kofia ya jiwe gumu juu inayoukinga udongo wa chini. Hakuna haja ya masimulizi marefu hapa; macho yanatosha. Ila waliokutangulia wamekwangua majina yao, na wewe usiongeze la kwako. Udongo ule ni laini, mvua inaendelea na kazi yake, na kila mtu anayepanda anaiharakisha. Mvua kubwa ikianza wakati mko chini, tokeni korongoni kwanza, mtamalizia siku nyingine.

Hilo linatuleta kwenye majira. Mvua za Iringa huanza kama mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi Aprili. Vumbi la njia za pembeni hugeuka utelezi, na dereva wa bajaji atakayekuahidi kufika Mlambalasi siku ya mvua anakutakia heri tu. Kuanzia Mei hadi Oktoba njia ni kavu. Juni na Julai ni baridi, si baridi ya kusema "kuna kaubaridi". Mji uko juu, zaidi ya mita 1,500, na watu wa pwani huonekana stendi asubuhi wamejifunga kanga juu ya fulana. Beba sweta, na la mtoto pia. Mimi ningechagua Mei au mwanzoni mwa Juni, majani bado ya kijani na anga safi.

Usafiri usiuchukulie kijuujuu. Kwa Isimila na Kalenga bajaji inatosha, lakini mapatano yawe ya "kwenda, kusubiri na kurudi", na mtaje saa za kusubiri. Dereva anayedhani atasubiri nusu saa ataanza kupiga honi mzee akiwa katikati ya kisa. Lipa nusu, nusu nyingine mkirudi. Kwa njia ya Kalenga hadi Mlambalasi na kurudi, jiungeni wanne au watano mkodi gari dogo. Inakuwa nafuu kwa kila mtu, na mazungumzo ya njiani yanakuwa mazuri. Usijaribu kuibandika Ruaha kwenye siku hiyohiyo kwa sababu tu barabara ni moja. Hifadhi inataka siku zake.

Fedha: viingilio vya serikali siku hizi hulipwa kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, na mtandao wa kijijini una tabia zake. Weka salio la kutosha kwenye simu, na ubebe pia noti ndogondogo za chakula, usafiri na ahsante. Kitambulisho chukua, kwa kuwa mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Dai risiti. Chakula cha mchana beba, kwani kati ya Kalenga na Mlambalasi usitegemee zaidi ya maandazi na soda. Ukikaribishwa ulanzi, pombe ya mianzi, wakati wa mvua, onja, ni ukarimu, lakini ule wa jana una nguvu kuliko unavyoonekana, na dereva wenu asionje kabisa.

Mjini penyewe kuna Makumbusho ya Boma, katika jengo la wakati wa Wajerumani lililofunguliwa kwa wageni mwaka 2016. Wengi huiacha mwisho, muda ukibaki. Mimi ningeiweka jioni ya kufika, kwa sababu hapo ndipo utapata namba za simu za waongozaji na habari za njia. Michoro ya miambani ya Igeleke, nje kidogo ya mji, ni ya mpenzi wa michoro. Imefifia, na mtoto mdogo hataiona. Mwamba wa Gangilonga unautazama mji wote, na jua likizama ni mahali pazuri, ila mpande kundi na mshuke kabla ya giza.

Na kama una siku moja tu? Iache Isimila, ijapokuwa ndiyo iliyo kwenye kalenda. Nguzo zitakuwepo mwakani. Wazee wanaojua mizinga ilipigwa kutoka upande gani ni wachache, na kila mwaka wanapungua. Panda daladala ya Kalenga ya asubuhi, omba ukuta kwanza, na tiketi ya basi la kurudi ikate ya kesho yake.